Yowe Lililotoka Kwenye Filamu

Wasomaji wangu wa Bariadi mtakuwa mmeshasikia, maana habari za msiba hapa kwetu hupanda bodaboda kabla hata jeneza halijapatikana. Yule mtafsiri wa filamu, mwenye banda la mabati nyuma ya soko, hatunaye tena. Aliugua kwa muda mfupi, akapelekwa hospitali akiwa anatania manesi, akarudishwa amefunikwa, na juzi tumemzika nyumbani kwake pembeni ya mji, kwenye njia ya kwenda Zagayu alikozaliwa. Sitawadanganya kwamba alikuwa rafiki yangu. Nilikuwa mteja. Nilianza kukaa kwenye mabenchi yake nikiwa bado na sare ya shule, na nilipomaliza kidato cha nne nikapata matokeo yasiyo na cha kumwonyesha mtu, niliendelea kukaa palepale, ila sasa kwa nafasi zaidi. Yeye aliniita "mayu", kama alivyowaita wanawake wote kuanzia watoto wa chekechea hadi bibi zetu, na jina langu sidhani kama alilijua. Kwa hiyo leo namwandika kama mtu wa kwenye benchi, na mtu wa kwenye benchi huona mengi, ila huyaona kwa mbali kidogo.

Kwa wale ambao hamkuwahi kuingia mle, niwaeleze kazi yenyewe. Kulikuwa na televisheni moja juu ya meza, spika moja ndani, na spika nyingine kubwa nje, imeelekezwa sokoni ili kuita wateja. Yeye alikaa pembeni ya televisheni na kipaza sauti mkono huu, rimoti mkono ule. Filamu za Kinigeria ndizo alizozipenda, na kati ya hizo alipenda za wezi wanaochekesha. Mhusika akisema, yeye anasema juu yake kwa Kiswahili, na pale Kiswahili kinapokuwa chepesi anatia Kisukuma. Mwanamume, mwanamke, chifu, mchungaji, polisi, wote walitoka kwenye koo moja. Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji, na hakukificha. Siku moja mama mmoja aliyetoka Shishiyu kuuza dengu alimuuliza, "Wewe baba, hayo yote kweli ndiyo wanayosema?" Akasimamisha picha, akamgeukia. "Mayu, wanachosema sikijui vizuri. Ila tazama uso huo. Huyo anaogopa mke wake, haogopi polisi. Mimi natafsiri uso." Mama akatazama, akatikisa kichwa akakubali, na kwa kweli hata mimi niliona kwamba yule mtu alikuwa anaogopa mke wake.

Filamu iliyomletea matatizo naikumbuka vizuri, maana niliiona tena na tena hadi nikawa najua wapi mbwa atapita. Jina lake silitaji, na wengi hatukulijua. Tuliiita ya jenereta. Wezi wawili, mmoja mwembamba na mmoja mnene, wameoleana dada zao, wanakwenda kuiba jenereta la chifu mchana. Shida ni kwamba chifu hawezi kulala bila kusikia jenereta linaunguruma. Likizimwa tu, anaamka. Basi mwembamba anatoa wazo: wewe mnene baki hapa nyuma ya ukuta, unguruma kwa mdomo, mimi nasukuma mzigo. Na mnene anakubali! Anakaa kwenye matope, mashavu yamevimba, anaunguruma, huku anatazama jenereta na shemeji yake vikiishilia barabarani. Nzi anamtua puani, hawezi kumfukuza. Jasho linamtoka. Anaanza kuelewa, taratibu, kwamba shemeji harudi. Macho yanaelewa, mdomo unaendelea kuunguruma. Mimi ninayeota kucheza filamu siku moja (msinicheke, kila mtu na pamba yake) nimejifunza hapo kuliko mahali pengine popote. Mchezaji yule hakutabasamu hata mara moja. Hakutukonyeza kutuambia kwamba anachekesha. Alikuwa jenereta kwa moyo wake wote, nasi tukafa kwa kucheka, na nilipokuwa njiani kurudi nyumbani nikajikuta namwonea huruma.

Mwishoni mwa mchezo huo mnene anapiga chafya, chifu anaamka, anatoka na shuka, anaona pale pa jenereta pana mtu. Anapiga kelele za mwizi. Sasa hapo ndipo mtafsiri wetu aliposumbuka. Mara zote alikuwa anasema "Mwizi! Mwizi!" kama wanavyosema mjini, na kila mara alikuwa anakunja uso baada ya kusema. Alituambia waziwazi kwamba halinogi. Kelele ya kuibiwa simu stendi, alisema, si kelele ya mtu mzima aliyeibiwa mali yake. Na sisi wa huku tunajua kelele ya mali inavyokuwa. Tunaiita mwano. Inaanzia chini kooni, inapanda, inakatikia midomoni, kisha inaanza tena, na ng'ombe wakishachukuliwa ndiyo hiyo inayotolewa, boma moja likipokea kutoka jingine. Anayeusikia hakai kuuliza. Anashika fimbo anatoka, awe anakula, awe anaoga. Asiyetoka, siku yake ikifika atajua mwenyewe. Watoto wa huku wanafundishwa mapema kwamba mwano hauchezewi, kama vile moto ndani ya nyumba ya nyasi.

Siku ile ilikuwa ya mnada. Mji umejaa, ng'ombe wanapita, watu wa Zagayu na Nassa wameingia na baiskeli zao, banda limejaa hadi mlangoni. Mnene akapiga chafya. Chifu akaamka. Na mtafsiri, sijui kilichompata, nadhani ni furaha tu ya watu wengi, akavuta pumzi akaupiga mwano wenyewe, wa kweli, kwenye kipaza sauti. Mle ndani nywele zilitusimama. Hata kwenye skrini chifu alionekana kama ameshtuka na sauti yake mwenyewe. Lakini wasomaji wangu, kumbukeni ile spika ya nje.

Aliyefika wa kwanza alikuwa kamanda wa sungusungu, yaani walinzi wa jadi, wa mtaa ule, mzee mwenye goti bovu tangu zamani. Alikuwa mnadani anapapasa mgongo wa dume analotaka kununua, akaliacha akakimbia. Katikati ya soko alijikwaa kwenye magunia ya viazi akaanguka kwa goti lilelile, akainuka akaendelea. Aliingia bandani na fimbo juu, katambuga moja mguuni, nyingine imebaki sokoni, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Wako wapi?" alisema. "Wamepita wapi?"

Sote tulimtazama. Kisha tukatazama skrini, ambako mnene alikuwa anakimbia na shuka la chifu kichwani. Mtu mmoja nyuma akacheka. Halafu banda zima. Na mtafsiri, kipaza sauti bado kiko mdomoni, akasema kwa sauti ya chifu, "Karibu afande! Mwizi kapanda gari la Lagos, ukikimbia utamuwahi!" Spika ikayapeleka hayo hadi mnadani. Kwa hiyo wale waliokuwa wanakuja nyuma na fimbo zao wakasikia kwamba hakuna mwizi, na wakasikia pia kwamba kamanda wao anachekwa, na baadhi yao wakacheka palepale barabarani. Kamanda alishusha fimbo. Akatoka akirudi polepole kutafuta katambuga yake.

Kesho yake, watu walipotoka makanisani, mtafsiri aliitwa mbele ya sungusungu. Nami nilikwenda, kama mtu anavyokwenda kuona mwisho wa filamu.

"Jana ulipiga mwano?"

"Nilipiga, baba."

"Kulikuwa na mwizi?"

"Alikuwepo."

"Wapi?"

"Nigeria."

Watu wakacheka tena, na hapo akazidi kujiharibia. Alipigwa mchenya, yaani adhabu yetu ya kulisha watu: mbuzi na mchele, apikie mtaa mzima. Hakubisha. Alipika, watu wakala, wakamtania, naye akatania, na kwa desturi mambo yalikuwa yameishia pale, kwa sababu mtu ukishakula chakula cha faini yake huna tena kesi naye. Ila kamanda hakula. Sahani yake ilibaki imefunikwa. Watu walipoanza kuondoka alisimama akasema, bila hasira, kama mtu anayeeleza habari za mvua: "Mbuzi ni wa mtaa, na mtaa umekula. Mimi nina langu. Siku wewe ukipiga yowe, hawa wengine watatoka. Mimi sitatoka."

Msomaji wa Dar anaweza kuona ni neno dogo. Mtu mmoja tu, mwenye goti bovu, atakusaidia nini? Lakini mtafsiri alikuwa anaishi pembeni ya mji na mke wake na vijing'ombe vyake vichache, na kamanda alikuwa jirani yake wa karibu zaidi. Kuambiwa na jirani wa namna hiyo kwamba sauti yako haimwamshi ni kama kuambiwa humo kwenye hesabu ya watu. Mke wake alinisimulia kwamba siku ile mumewe alirudi nyumbani akakaa mlangoni anatazama upande wa boma la kamanda, akasema, "Nilikuwa nadhani nina sauti." Basi. Na kuanzia hapo kulikuwa na kitu kimoja tu alichokitaka kwa yule mzee: siyo msamaha, maana msamaha alishapewa na mtaa mzima pamoja na mifupa ya mbuzi. Alitaka kamanda alirudishe lile neno. Aseme tu kwamba akiitwa atatoka.

Hakwenda kulia kwake. Alifanya jambo la kibandani. Kwenye benchi la mbele, mwisho kabisa upande wa mlango, aliacha nafasi wazi. Ukikaa hapo anasimamisha picha. "Mayu, sogea, hapo pana mtu." Hata banda lijae vipi, hata watu wasimame, pale pana mtu. Wageni walitazama kile kipande cha ubao wakadhani kuna mzimu. Sisi wenyeji tulijua ni cha nani, na kamanda alijua pia, kwa sababu mji wetu si mkubwa kiasi hicho. Alikuwa akipita nje siku za mnada, anasikia sauti, anaendelea na safari. Walisalimiana, hilo nisiwasingizie. "Mwangaluka." "Mwangaluka." Kila mmoja anashika njia yake.

Filamu ya jenereta aliendelea kuionyesha, maana watu walikuwa wanaiomba. Ila pale chifu anapoamka alibadilisha. Alikuwa anaacha sauti inashuka, inashuka, hadi anamfanya chifu anong'one. "Nimeibiwa," chifu ananong'ona kwenye kipaza sauti, "na nikiita, sijui nani atakuja." Mara ya kwanza watu walisubiri kucheka, wakashindwa. Mara ya pili wakacheka, lakini kicheko cha aina nyingine, kama mtu anayejicheka. Mimi nilimuuliza mchana mmoja akiwa anafagia maganda ya karanga, kwa nini asirudishe zile kelele za zamani, "Mwizi! Mwizi!", ambazo hazimuumizi mtu.

"Kwani nilikosea kupiga mwano?" akaniuliza.

"Ulikosea kuelekeza spika nje."

Akacheka. "Hapana, mayu. Kama kukosea ni spika tu, ningeigeuza yakaisha. Yule mzee alikimbia na goti lake akafika wa kwanza, mimi nikamchekea kwenye kipaza sauti. Unajua filamu ya wezi inavyokwenda? Unamcheka mwizi, unamcheka chifu, unamcheka polisi anayechelewa. Aliyekuja mbio kusaidia huyo humcheki. Ukimcheka huyo, nani atakuja kwenye filamu ya pili?" Kisha akanipa fagio nimalizie, akaenda kununua maji.

Tangu hapo nimekuwa nikifikiria sana habari hiyo ya nani anachekwa. Siku hizi tunacheka kwenye simu. Filamu zilezile za Kinigeria, wezi walewale, mtu anazitazama kitandani na vidubwasha masikioni, na banda la mabati likabaki linaishi kwa mpira wa miguu tu. Sina ugomvi na simu. Ninauza vocha, na hii safu naiandikia kwenye simu. Ila nimegundua kwamba nikicheka peke yangu sioni kicheko changu kinamwangukia nani. Mle bandani uliona. Ulimwona mama wa dengu, ulimwona fundi baiskeli, ulimwona aliyeibiwa mbuzi wiki iliyopita akicheka kwa kuchelewa kidogo kuliko wengine. Mtafsiri aliwaona wote akapima sauti kwa kuwatazama. Filamu ya wezi inayochekesha ni kitu kigumu kuliko tunavyodhani, hasa mahali ambapo mwizi wa kweli akikuchukulia ng'ombe anakuchukulia na ada ya mtoto na mahari ya mwingine. Wale wachezaji wa Nigeria wanafanya yao vizuri, lakini hawatujui. Kazi ya kutufikishia kicheko bila kumjeruhi mtu wa kwenye benchi ilikuwa ya yule mmoja mwenye rimoti.

Sasa turudi msibani. Mabenchi ya banda yalibebwa na mkokoteni hadi kwake, maana wapi pengine pangepatikana mabenchi mengi hivyo. Sungusungu ndio walioongoza uchimbaji wa kaburi, kama ilivyo kawaida, na kamanda alikuwepo, anasimamia zamu za majembe. Watu walimtazama kwa kuibia. Kuchimbia jirani ni wajibu wa mtaa, nao alikuwa anautimiza vizuri; neno lake lilikuwa bado liko pale lilipokuwa. Kazi ilipoisha goti likawa limemchosha, akatafuta pa kukaa. Mjane, akiwa amejifunga khanga kichwani, akanyoosha mkono kuelekea benchi la mbele, mwisho, ambako watu walikuwa wamepaacha wazi bila kuambiwa, kwa mazoea tu. "Kaa hapo, baba," akasema. "Hapo ni pako." Mzee alisimama akakitazama kile kipande cha ubao. Kisha akakaa.

Ndipo alipoingia mtani. Mama huyu ni Mgogo, ana duka la vitenge karibu na banda, na kama mjuavyo, Mgogo kwa Msukuma msibani hana mipaka. Alikuwa amevaa koti la marehemu na kofia yake, ameshika gunzi la mahindi kama kipaza sauti.

"Enyi Wasukuma, mbona mmekaa kama marobota ya pamba?" alianza. "Mnamlilia huyu? Amelala makusudi huyu! Ameona msimu wa kulima umekaribia!"

"Mwache apumzike!" mtu akajibu.

"Apumzike wapi? Mle ndani ya sanduku hamna rimoti!"

Watu walianza kucheka huku wanafuta macho. Akawa marehemu kabisa: akatoa sauti ya chifu, akatoa sauti ya mke wa mnene, akavimbisha mashavu akaunguruma kama jenereta, akaunguruma hadi jasho likamtoka, wala hakutabasamu. Mjane alikuwa anacheka ameinamisha kichwa magotini. Kisha mtani akapiga chafya. Sote tuliokuwa tunaijua filamu tulijua kinachofuata, na tulisubiri ule mnong'ono. Hakunong'ona. Alivuta pumzi akaupiga mwano kwenye lile gunzi, kutoka chini kooni hadi juu.

Tulikuwa tunajua ni mchezo. Tulikuwa tunamwona mwenye duka la vitenge ndani ya koti kubwa. Na bado miguu yetu ilisogea; niliwaona wanaume wakigeuka kutafuta fimbo. Na kule kwenye benchi la mbele kamanda alikuwa ameshasimama, wa kwanza kabla ya wote, na goti lake bovu, mkongojo ameuinua. Alijiona alivyosimama. Tulimwona anajiona. Hapakuwa na aliyethubutu kucheka.

Akashusha mkongojo, akatazama upande wa jeneza. "Basi," akasema. "Nimetoka."

Mtani hakuliacha koti lake hata hapo. Akamshukuru kwa sauti ileile ya marehemu, kwa upole, gunzi mdomoni: "Wabeja, baba. Kaa sasa, hii ni filamu tu."

Na aliyecheka wa kwanza alikuwa kamanda. Alicheka akiwa bado amesimama, akashika benchi ili asianguke, ndipo na sisi tukacheka.

Mimi sina elimu ya kufundisha watu uigizaji, ila hiki nimekiokota pale nami nawapa. Igiza kwa moyo wako wote, kiasi kwamba hata anayejua kuwa unaigiza ainuke alipokaa. Na aliyeinuka wa kwanza, mwache acheke yeye kwanza.